Aliyeunguza Wali

Mara ya kwanza Leontine Papillion kuusikia tena wimbo wa mumewe, uliimbwa na mtoto wa Kizungu aliyekuwa kwenye foleni ya jiko la shule, akingoja kutiliwa wali. Mtoto mwenyewe alikuwa na madoadoa usoni na uma mkononi, anapiga trei kama ngoma, na wenzake nyuma yake wanaitikia: wali unaungua, wali unaungua, na wewe bado uko mlangoni. Leontine alibaki na upawa hewani mpaka mwalimu wa zamu akakohoa makusudi.

Hortense, aliyekuwa akigawa maharage pembeni yake, alimwambia bila kugeuza kichwa kwamba siku hizi wimbo huo uko kwenye redio zote, hata zile za Wazungu. Wameuimba vijana wanne wa Uingereza, wenye nywele za kufunika nyusi. "Lakini si wa Wilbert ule?" akauliza. Leontine akamwambia aangalie maharage yake.

Ulikuwa wa Wilbert. Mwaka wa hamsini na sita aliurekodi mjini Orange, ng'ambo ya mto Sabine, katika studio ya Bwana Renfro iliyokuwa nyuma ya duka la samani. Ukapigwa majira yale ya joto katika mabaa ya watu weusi kutoka Lake Charles mpaka Opelousas, kisha ukapotea, na Wilbert akarudi kubeba magunia kwenye kiwanda cha mpunga. Leontine hakuusikitikia. Hakuwahi kuupenda. Katika wimbo ule mwanamke amesimama mlangoni na mwanamume, maneno yao hayaishi, mpaka wali jikoni unashika moto. Leontine alikuwa amepika wali siku zote za ndoa yake na haukuwahi kuungua. Basi ule ulikuwa wali wa jiko gani? Alimuuliza Wilbert mwaka uleule, na Wilbert akacheka, akasema hana mwanamke yeyote, ni wimbo tu. Kicheko kile Leontine alikiweka moyoni, na miaka tisa baadaye bado kilikuwa hapo.

Mtaa ukawatajirisha kwa maneno kabla ya mwezi kuisha. Binamu waliokuwa wamepotea walianza kupita kusalimia. Paroko aliwakumbusha, huku akitabasamu, kwamba paa la ukumbi linavuja. Bwana Toups mwenye duka la vyakula, ambaye siku zote aliwakopesha mpaka siku ya mshahara, alimrudishia Leontine mfuko wa kahawa mbele ya wateja wengine, akasema watu wenye nyimbo London hawahitaji mkopo wake. Watu wakacheka. Leontine akaiacha kahawa juu ya kaunta na kutoka.

Wilbert aliapa kwamba hajapata hata senti, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kutomwamini. Mama yake, Bibi Philomene, aliyeishi nao katika chumba cha nyuma, alianza kuzungumzia televisheni na meno ya bandia kana kwamba vyote viko njiani. Hata Leontine mwenyewe, siku Wilbert alipokuwa anaoga, aliingiza mkono katika mifuko ya koti lake. Alikuta kibiriti na vumbi la pumba, akaona haya, lakini Jumamosi iliyofuata akaingiza tena.

Wakili wa Kizungu alikuja mwanzoni mwa Oktoba, kutoka New Orleans. Alijiita Bwana Haskew. Alipokaribishwa sebuleni alitoa kitambaa, akapangusa kiti, ndipo akakaa. Yeye alikuwa Bwana Haskew, na wao wakawa Wilbert na Leontine tangu mlangoni, ingawa Leontine alimzidi umri.

Alieleza mambo yake vizuri, na kwa upole. Kwenye santuri ya Waingereza, kama kwenye ile ya zamani, jina la mtunzi ni la Renfro. Renfro hajui kupiga hata filimbi. Ikithibitika kwamba Wilbert ndiye aliyetunga, Renfro atatapika kila alichokula, na wakili atachukua nusu tu kwa taabu yake. Kinachohitajika ni kiapo cha Wilbert na kiapo cha mtu aliyemwona akitunga. Alisema mke anafaa sana, mahakama inapenda mke. Karatasi ilikwisha andikwa: kwamba yeye, Leontine, alimwona mumewe akiutunga wimbo huo kwenye meza ya jikoni mwao, majira ya kuchipua ya mwaka hamsini na sita.

"Jikoni kwangu?" Leontine aliuliza.

"Jikoni kwenu, ndiyo. Ama hukumbuki?"

Bibi Philomene alisema kutoka kwenye kiti chake cha kuyumba kwamba Leontine anakumbuka. Wakili akatabasamu, akala kipande cha pili cha keki, kisha akauliza, kama mtu aliyekuwa amesahau, kama kuna anayemjua mwanamke mmoja aitwaye Mazie Ledet. Upande wa Renfro ulikuwa unamtajataja.

"Alitupigia piano," Wilbert akasema. "Alihamia California zamani."

Alijibu upesi mno. Hata wakili alikuwa hajameza. Leontine alimtazama mumewe, na Wilbert akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Wakili alipoondoka, akiahidi kurudi Ijumaa ya wiki ya pili na mtu wa kugonga mhuri, Leontine aliosha sahani zote na kuziosha tena. Jina sasa alikuwa nalo. Jiko lilikuwa na mwenyewe.

Hakumuuliza Wilbert. Alimwendea Ovey Semien, aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi yao na sasa aliwajazia watu mafuta kwenye kituo cha barabara ya mashariki. Alijifanya amepita tu. Aliuliza habari za mkewe, za mgongo wake, kisha akasema amesikia kwamba Mazie anaendelea vizuri huko California.

Ovey alishangaa. California gani? Mazie yuko Jennings, palepale siku zote, nyumba ya njano kando ya reli, anafundisha watoto piano na kupiga kwenye mazishi. Hapo akamtazama Leontine usoni, akaelewa kwamba ametia mguu mahali pabaya, akaanza kufuta kioo cha gari ambalo halikuwa na mtu ndani. Alisema huenda amekosea. Leontine akamwambia hajakosea, akamshukuru.

Nyumbani alisema Jumamosi atakwenda Jennings kumtazama shangazi yake aliyelazwa. Wilbert aliacha kutafuna alipolisikia jina la mji, kisha akaendelea. Alisema amsalimie. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anasema uongo, na walimaliza chakula kwa adabu nyingi.

Kwenye kituo cha basi ubao wa kutenga weusi na Wazungu ulikuwa umetolewa mwaka uliopita, lakini pale ulipokuwapo ukuta ulibaki na mraba mweupe, na watu weusi bado walikaa upande uleule. Leontine alivaa kofia yake ya Pasaka na glavu. Njia nzima alipanga maneno. Angekuwa mtulivu. Angemuuliza ilianza lini. Alijaribu kuupata uso wa yule mwanamke, na kila alivyojaribu aliuona mzuri zaidi.

Aliyekuja kwenye mlango wa wavu wa nyumba ya njano alikuwa mwanamke mnene wa karibu miaka sitini, amevaa soksi za kiume. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo. Alifinya macho kama asiyeona vizuri.

"Kama umetumwa na yule wa New Orleans, mwambie nimelala."

"Sijatumwa. Mimi ni mke wa Wilbert Papillion."

Mazie alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Basi umetumwa na Wilbert."

"Wilbert hajui kama niko hapa."

"Haya, hilo sasa linafunguliwa mlango," Mazie alisema, akaondoa komeo.

Ndani kulikuwa na piano nyeusi iliyojaa karibu chumba kizima, na juu yake picha ya mwanamume mwenye sare ya reli. Leontine alizungusha macho akitafuta kofia, wembe, chochote. Maneno aliyoyapanga njiani yalimkimbia yote. "Wewe na mume wangu mlikuwa na nini?" akauliza akiwa bado amesimama.

Mazie alicheka mpaka akashika kiuno. "Wilbert? Bibi wee, Wilbert alikuwa akija hapa na pumba masikioni, anakula, anapiga gitaa lake, anakwenda zake. Aliyempenda ni marehemu mume wangu. Mimi nilikuwa namvumilia."

Leontine alikaa. Kitu alichokibeba miaka tisa kilidondoka hivyo tu, sebuleni kwa mtu, na alitamani kucheka naye. Ndipo akauliza, "Na wimbo?" na Mazie akaacha kucheka.

"Wimbo ni wangu."

Alisimulia bila kupamba, huku akisugua vidole. Siku moja alikuwa kwenye piano, ametia wali jikoni akausahau. Mumewe, Gustave, akarudi kazini, akasimama mlangoni, akamwambia wali unaungua. Mazie hakugeuka. Gustave akasema tena, wali unaungua, na bado amesimama palepale, mtu mwenye mikono miwili mizima. Mazie alimpigia kelele kwamba kama ameuona unaungua kwa nini asiutoe. Waligombana, wakacheka, wakala mkate. Novemba Gustave akaangukiwa na behewa. Majira ya kuchipua yaliyofuata Mazie akakaa tena kwenye piano ile na maneno yakaja yenyewe, polepole, kwamba wali unaungua, na wewe bado uko mlangoni.

"Hakuna mwanamke mlangoni," alisema. "Hayo ya kubembelezana aliyatia mumeo."

Siku ya kurekodi, Renfro aliuliza wimbo ni wa nani. Mazie alikuwa kwenye piano, nyuma ya Wilbert. Alingoja Wilbert ageuke. Wilbert akasema ni wake. Wiki chache baadaye santuri ikatoka, na jina lililoandikwa ni la Renfro. "Tukaibiwa sote siku moja," Mazie alisema, "ila mimi niliibiwa mara mbili."

Kisha akamwambia jambo jingine. Mtu wa Renfro alikuwa amemletea karatasi aweke sahihi, kwamba wimbo ule ni wa zamani, uliimbwa na kila mtu mashambani na haukutungwa na yeyote. Angepewa kitu kidogo. Alikuwa bado hajaamua.

Leontine alimsihi asiweke sahihi kwanza.

"Kwa nini nisiweke? Kama hautakuwa wangu, bora uwe wa mashamba kuliko uwe wa Wilbert." Alisimama, akamfungulia mlango. "Yule mtu wa Renfro anarudi Jumatatu ya tarehe kumi na nane. Mwambie mumeo. Usipomwambia pia ni sawa, maana sijui bado umekuja kwa ajili ya nani."

Wilbert alikuwa jikoni aliporudi, anakula wali na mchuzi wa kuku. Leontine alivua kofia, akaiweka juu ya meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nimetoka nyumba ya njano," alisema.

Wilbert aliweka kijiko chini. Hakuuliza nyumba gani. Alisema kwamba alijua angekwenda, tangu siku ile alipoliona jicho lake sebuleni. Alianza kueleza, na maneno yalimtoka kwa wingi, kama mtu aliyeyarudia peke yake mara nyingi. Mazie aliupiga ule wimbo kama watu wanaotoka kuzika. Nani angeununua? Yeye ndiye aliyeukimbiza. Mlio wa gitaa mwanzoni ni wake, ukelele wa katikati ni wake, mwanamke na mwanamume mlangoni ni wake. Bila yeye ungekufa Jennings, juu ya piano ile.

"Na Waingereza wamefanya nini?" Leontine aliuliza.

"Wameukimbiza zaidi."

"Basi kwa hesabu yako wimbo ni wao."

Wilbert alisogeza sahani pembeni. Kutoka chumba cha nyuma kiti cha Bibi Philomene kiliacha kuyumba. Wilbert akashusha sauti. Alisema kwamba hajui sheria lakini anawajua Wazungu: likitajwa jina la Mazie, Haskew atafunga mkoba wake, kwa sababu watu weusi wawili wanaogombea wimbo hawawezi kumshinda Renfro mmoja. Ikishindikana, hakuna atakayepata. Wakishinda, yeye mwenyewe atampelekea Mazie fungu lake, kimyakimya.

"Uliniambia yuko California."

"Niliogopa utafikiri vibaya."

"Nilifikiri vibaya miaka tisa, Wilbert. Nilifikiri una mwanamke."

"Nilikwambia sina."

"Uliniambia. Hilo tu ndilo ulilonieleza kweli."

Alikwenda kulala na hakulala. Lililomsumbua lilikuwa jambo ambalo asingeweza kumwambia hata padri. Kwa mume mwenye hawara alikuwa ametenga nafasi moyoni. Alijua angelia vipi, angenyamaza siku ngapi, angesamehe kwa masharti gani. Kwa mwizi hakuwa amejiandaa. Miaka yote ile alimlaani Renfro kwenye meza ya chakula, na Wilbert akiitikia amina.

Ijumaa wakili alikuja na mtu wa mhuri, kijana mwembamba ambaye hakusema kitu. Kitambaa kikapangusa viti viwili. Karatasi zikawekwa mezani, na kalamu ya kutia wino ikafunguliwa kwa heshima. Wilbert aliweka sahihi yake kwanza. Aliandika polepole, na wakili akamtania kwamba utajiri una uzito.

"Sasa wewe, Leontine. Hapo chini."

Leontine alisema hakumwona.

Wakili alidhani hakusikia vizuri. Akarudia swali taratibu, kama anavyoulizwa mtoto. Leontine naye akarudia jibu taratibu vilevile: jikoni kwake, kwenye meza ile, hakuwahi kumwona Wilbert akitunga wimbo wowote. Alimwona akila, na wakati mwingine akikata kucha.

Bibi Philomene alimwambia asiwe mjinga. Wakili alimgeukia Wilbert, akauliza kama kuna mwingine yeyote aliyekuwepo, mtu yeyote anayejua wimbo ulivyoanza. Leontine hakumtazama mumewe. Alitazama mikono yake mwenyewe na kungoja, na alijua kwamba Mazie naye alingoja hivi, nyuma ya mgongo uleule.

"Hakuna," Wilbert alisema.

Wakili alikusanya karatasi. Alisema atawaarifu. Mlangoni alimwambia Wilbert, kwa sauti ya kusikika, kwamba pole yake, wanaume wengi wameharibiwa nyumbani. Hakuwaarifu kamwe.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzito. Bibi Philomene aligoma kula chakula kilichopikwa na Leontine, akawa anakula biskuti na maziwa, na kila aliyemtembelea aliambiwa jinsi mke alivyomnyima mwanawe mali yake. Kanisani wanawake walisogea kidogo Leontine alipopiga magoti. Wilbert hakugombana. Alikwenda kazini, alirudi, alikaa kibarazani na gitaa. Jioni moja Leontine, akikunja nguo ndani, alimsikia akiutafuta ule wimbo kwa mwendo wa polepole. Anaanza, unamkimbia, anauzuia, unamkimbia tena. Alimkaribia mlangoni, kisha akarudi kwenye nguo zake. Hakumwamini vya kutosha kumuuliza anafanya nini.

Mwezi wa Novemba kulikuwa na sherehe ya parokia ya kuchangia paa. Paroko alikuwa ametangaza wiki tatu mfululizo kwamba Wilbert Papillion ataimba wimbo wake unaosikika dunia nzima, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Walikuja hata wa kutoka Lafayette. Leontine alikaa na Hortense na wanawake wawili wa kwaya, mbele yake soda na sahani ya soseji za wali. Ovey alikuwa kwenye ngoma zake za zamani. Alipoinua vijiti, vijana walishaanza kupiga makofi ya haraka.

Wilbert alimwambia angoje. Akasogelea kipaza sauti.

"Wimbo huu sikuutunga mimi," alisema. "Aliutunga Mazie Ledet wa Jennings. Mimi niliuchukua kwake, nikasema ni wangu."

Wengine walicheka wakidhani ni utani wa jukwaani. Kisha wakaona hacheki, na kicheko kikazimika vipandevipande. Hortense aliushika mkono wa Leontine chini ya meza na kuubana.

"Pole, mwenzangu," alinong'ona. "Na mbele za watu namna hii."

Leontine hakuelewa mara moja. Alipoinua macho aliona wanawake wote wa meza ile, na wa meza ya jirani, wanamtazama kwa jicho moja, jicho la pole ambalo yeye mwenyewe aliwahi kuwatazamia wengine. Mwanamke wa Jennings, jina lake limetajwa hadharani, na mume kasema amechukua kitu kwake. Walikuwa wameshamaliza hadithi yote. Jicho lile Leontine alikuwa amelikwepa miaka tisa, na sasa lilikuwa limemfika wakati hakuna sababu yake. Angeweza kuwaeleza. Lakini kueleza kungekuwa kusema, hapana, mume wangu si mzinzi, ni mwizi tu. Aliuacha mkono wake mkononi mwa Hortense, akanywa soda.

Wilbert aliimba. Aliimba polepole, hakupiga ukelele, na ile sehemu ya kubembelezana aliiruka. Ovey alimfuata kwa shida, akigusa ngoma kama anayeogopa kuiamsha. Waliokuwa katikati ya ukumbi walijaribu kucheza, wakatazamana, wakakosa pa kuweka miguu. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma kwamba akimbize. Wilbert hakukimbiza. Mmoja mmoja watu wakarudi kwenye viti vyao, na wengi wakaenda kupanga foleni ya bia. Wimbo ulipokwisha, paroko alipiga makofi kwa haraka na kuita bendi nyingine.

Njiani kurudi, ndani ya gari, Leontine alimwambia kwamba sasa mji mzima unaamini ana mwanamke Jennings. Wilbert aliuliza kama angependa Jumapili asimame tena awaeleze vizuri.

"Usisimame tena popote," Leontine alisema.

Lakini aliusogeza mkoba wake uliokuwa kitini katikati yao, akauweka miguuni.

Alirudi Jennings wiki moja kabla ya Krismasi, safari hii bila kumficha mtu. Mazie alikuwa amenunua miwani. Alimtazama Leontine mlangoni kwa muda mrefu, akasema kumbe ni kijana hivi, mara ile alimwona kama kivuli chenye kofia. Alimpa kahawa.

Miwani ilitokana na karatasi ya Renfro. Mazie alilisema mwenyewe kabla hajaulizwa. Alingoja mpaka ile Jumatatu, hakuona mtu kutoka kwa Wilbert wala kusikia neno, akaweka sahihi. Sasa wimbo haukuwa wa yeyote. Renfro aliruhusiwa kuutunza, kama mtu anayetunza mbwa wa jirani aliyehama.

Leontine alimweleza habari za ukumbini, alivyosimama Wilbert na maneno aliyosema. Alieleza neno kwa neno, kwa sababu hakutaka kumpunguzia Wilbert wala kumwongezea. Mazie alisikiliza huku akikoroga kahawa iliyokwisha korogwa.

"Aliyasema wapi? Kwenye dansi?"

"Kwenye dansi."

"Angeyasema kwenye karatasi." Nje garimoshi la mizigo lilipita, na vikombe vikalia katika sahani zake mpaka lilipokwisha. "Kisha akaimba?"

"Akaimba. Polepole, kama ulivyosema unavyokwenda."

"Watu wakafanyaje?"

Leontine alifikiri aseme kitu cha kumfurahisha. "Walikaa chini," akasema. "Wengine walikwenda kununua bia."

Mazie alimkodolea macho nyuma ya miwani mipya, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akakohoa, akavua miwani na kujifuta kwa aproni.

"Hata mimi," alisema alipoweza kusema. "Nilipoupiga hivyo hapa, ukumbi wa pale kona, walikaa chini wote. Gustave mwenyewe angekaa." Alirudisha miwani usoni, akalaza vidole vyake vilivyovimba mezani. "Kamwambie Wilbert hivyo, kwamba hata mimi walikaa chini."

Leontine alisema atamwambia. Alikuwa ameshasimama na kuvaa glavu moja Mazie alipomshika mkono wa koti.

"Hapana," alisema. "Usimwambie."